Sauti Yangu Imo Kwenye Theluji, na Mwanangu Hajui

Bi Ghaniya mpenzi,

Shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi nipokelee tu, maana redioni sauti haina umri. Ni msikilizaji wako wa hapa Nizwa, kila Jumatano nakufungulia nikiwa jikoni, na siku zote nilikuwa nikisema, hawa wanaoandika barua hawana jamaa hata wakamwambie mambo yao mtu wa redio? Leo Mungu kanionesha, nimekaa kitako na kalamu, jamaa ninao tele na hapana hata mmoja wa kumwambia. Naomba unisaidie. Majina nimeyabadilisha, na wewe ukiyabadilisha tena sitokasirika.

Naanza na mtoto wa kaka yangu kwa sababu yeye ndiye aliyeniingiza. Wadhah ni kijana wa heshima, asubuhi ana kazi yake serikalini, lakini jioni yuko Firq, kule kwenye sanaiya ya mafundi, baina ya gereji ya kupiga rangi magari na mtu wa kukata aluminiamu, kakodi banda, kalibandika magodoro ukutani, na humo ndimo yeye na wenzake wanamopiga magitaa. Si muziki wa arusi huo, wala si taarabu. Wenyewe wanasema ni roki, na si ile roki fupi, hii ndefu, wimbo unaanza ndio kwanza unatia wali motoni, wali unaiva, unapakua, unakula, unaosha vyombo, wimbo bado haujesha, na katikati umeshabadilika mara nyingi, mara mbio, mara umesimama, mara kinanda peke yake kama mtu anapanda ngazi anatafuta kitu darini. Namwambia, "Mwanangu, wimbo huu haujui unakwenda wapi." Anacheka, "Shangazi, hiyo ndiyo raha yake."

Basi mwaka jana wakazuka Wazungu wa filamu, waliwasikia kwenye intaneti, wanatengeneza filamu ya watu wa kweli wanaocheza michezo ya baridi, wale wanaojifunga mbao miguuni wakateleza juu ya theluji, wakataka vijana wetu wawatilie muziki filamu nzima, kisha muziki wenyewe utoke peke yake kama albamu. Vijana wa Nizwa! Theluji wameiona wapi? Kaka yangu alipopata khabari alisema bora wangepewa filamu ya halua, hiyo angalau wanaijua.

Wakati huo mimi nimo edani. Na hapa, Bi Ghaniya, lazima nirudi nyuma kidogo ili unifahamu.

Mume wangu Yaqoob, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Bahla aliyezaliwa Tabora, mimi nimezaliwa Unguja mjini, tumetaniana umri wetu wote, yeye akisema Kiswahili changu kina marashi, mimi nikimwambia chake kina vumbi la reli. Alikuwa mtu wa wageni. Mgeni akija anakaa naye kwenye sinia moja, anamchambulia nyama kwa vidole vyake, anamsogezea mapande mazuri, yeye mwenyewe anakula mabaki na kushukuru. Kisha kiharusi kikamchukua upande mmoja pamoja na ulimi. Mtu huyo huyo akawa analishwa kwa kijiko cha mtoto, kitambaa shingoni, chakula chengine kinateremka kidevuni, na macho yake anajiona.

Akaona haya. Haya ya mwanamume mzima asikuhadithie mtu. Kila chakula kikija anaonesha mlango kwa mkono wake mzima, watoke wote, nibaki mimi. Na chakula kilikuwa hakiteremki, kinakaa shavuni, daktari ametutisha kwamba kitaweza kumpalia, mpaka siku moja nimeshika kijiko nimechoka nimekata tamaa, nikajikuta nimefumba midomo ninavuma tu, mmm, mmm, kama unavyomfanyia mtoto, nikamuona koo limepanda limeshuka, kameza. Tangu siku hiyo ikawa hivyo, nikivuma anameza, nikinyamaza anasita. Haukuwa wimbo, hauna maneno, wala sijui nimeutoa wapi.

Tuna binti mmoja tu, Buthaina, ameolewa Mudhaibi na ni mwalimu huko, kila Alkhamisi anakuja. Chakula kikifika, na yeye nikawa namtoa, baba yake alishanishika mkono kwa nguvu zake zote zilizobaki siku mwanawe alipotaka kuingia, nikafahamu, asimuone hivi, hasa yeye. Nami sikumwambia mtoto kwa nini. Ningemwambiaje? Kumwambia ndiko kumuonesha. Nikawa nasema, "Baba yako anataka kupumzika." Alkhamisi ya mwisho alileta boko boko, kalipika mwenyewe, kalisonga mpaka limekuwa laini kama mafuta ya mgando kwa sababu alisoma mahali kwamba wagonjwa kama hawa wapewe vitu laini, nikalipokea bakuli mlangoni nikamwambia baba yako kalala, atakula akiamka, nikafunga, nikamsikia amesimama hapo ukumbini haondoki, nikaanza kuvuma, alikula, nikatoka kwenda kuliosha bakuli, kumbe keshaondoka bila ya kuaga, watoto kawaacha nyumbani na njia ni ndefu. Siku ya pili yake Yaqoob akashikwa tena, na Jumamosi tukamzika.

Matangani, mbele ya wanawake, Buthaina akaniambia, "Mama, hata siku ile ulinifungia mlango." Basi. Hajalirudia neno hilo. Lakini tangu hapo ananihudumia kama mgeni, dawa zangu analeta, friji anajaza, anauliza hali, ananibusu kichwa, na hajanikalia kitandani tena tukazungumza kama zamani.

Sasa rudi kwenye eda. Nyumba kimya, wanaume wasio maharimu hawaingii, televisheni Buthaina kaifunika shuka kwa mikono yake, mwenye kuweza kunikalia ni Wadhah, mimi shangazi yake, akawa anakuja baada ya alasiri na kompyuta yake. Siku moja nikamwambia hebu nifungulie hiyo theluji yako niione. Akanifungulia, haina sauti, ndiyo wanayotakiwa kuitilia muziki. Nikamuona kijana kavaa kofia ya chuma, amekaa juu ya ubao mwembamba, juu kabisa, chini yake mteremko mweupe mrefu, anangoja apewe ruhusa ajiachie aruke. Wamemchukua picha ya karibu. Nikaliona koo lake. Anataka kumeza mate, hayateremki. Wallahi sijui nini kilinipata, nikavuma.

Wadhah alikuwa na simu yake imefunguliwa inarekodi, anajiimbia mwenyewe apate wazo, kumbe imenichukua mimi. "Shangazi, hii kitu unafanya nini?" Nikamuuliza, kitu gani? "Hii sauti, wallahi hii ndiyo ilikuwa inakosekana." Akaniuliza nifute? Nikasema iache, nani atanisikia mimi?

Bi Ghaniya, ameivuta ikawa nene, ameikalisha mahali ngoma zote zinaponyamaza, pale pale kijana yule anapongoja, mpaka anaruka, na akiwa hewani ndio magitaa yanaingia. Mimi sifahamu roki lakini nilipoisikia nilishika ukuta. Wazungu wameandika wanataka kujua mwanamke huyu ni nani.

Mwezi uliopita, eda imeshakwisha, Buthaina kaja kunichukua kunipeleka kwa daktari wa macho. Garini akasema, "Mama, sikiliza alichotutumia Wadhah." Ikapita ngoma, vikapita vinanda, kisha ikaingia sauti. Mwanangu akatoka barabarani, akasimamisha gari karibu na pampu ya petroli, akaweka kichwa juu ya usukani. "Mama, huyu mwanamke namjua. Sijui nimemsikia wapi. Ananifanya nimlilie Baba." Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Labda Muingereza."

Sasa Wadhah lazima aipeleke kazi Jumapili. Kaniambia, "Shangazi, ukisema toa, natoa. Lakini yule kijana ataruka peke yake." Nikimwambia aiache, iko siku itajulikana, na wifi yangu Mazoon wa Bahla atasema mjane wa ndugu yake alikuwa akiimba edani, tena kwenye magitaa. Nikimwambia Buthaina, nitakuwa nimemvua baba yake nguo alizonishika mkono nisimvue. Nikinyamaza, mwanangu ataendelea kunibusu kichwa mpaka nife. Nimetafakari mpaka akili imechoka. Nitoe sauti yangu au niiache? Na mtoto nimfanye nini?

Ni mimi, Mama wa Nyuma ya Mlango, Nizwa.


BI GHANIYA ANAJIBU:

Shikamoo, Mama. Nimeipigia hesabu barua yako, umenizidi, kwa hivyo nitakugombeza kwa adabu.

Barua yako niliisoma mara moja nikalia, nikaisoma tena nikakasirika, na nilipofika kwa yule Muingereza wako nikacheka peke yangu studio mpaka fundi mitambo akanichungulia. Muingereza! Mtoto amesimamisha gari, analia, anakwambia huyu mtu namjua, na wewe umekaa ubavuni mwake umempa Muingereza. Ah, Mama.

Tumalize yaliyo mepesi. Wifi yako wa Bahla tumwache na kahawa yake. Wewe edani hukutoka, hukujipamba, hukukaa na asiyekuhusu, ulivuma kwa midomo iliyofumbwa mbele ya mtoto wa kaka yako, kwa mazoea ya kumlisha mume. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na kama moyo haujatulia, iwe kwa eda au kwa sauti yako kuwamo kwenye muziki, muulize mwenye ilimu umueleze kama ulivyonieleza mimi, usijihukumu kwa ulimi wa wifi. Na jina lako halina haja ya kuandikwa popote. Wadhah awaambie Wazungu kwamba ni mtu wa nyumbani kwao, na hapo hatakuwa amesema uwongo.

Sasa mumeo. Hapa nakuvulia kilemba, ingawa sivai. Kumlisha mtu na kumstahi kwa pamoja si wengi wanaoweza, wengi wetu tunalisha huku tunasimulia. Ulimtunzia heshima yake mpaka akaondoka nayo. Lakini nakuuliza, haya yake ilikuwa kwa lipi? Kwa kitambaa cha shingoni, kwa kidevu, kwa kijiko. Hayo mfichie mpaka kaburini, hapana aliyekwambia uyatoe. Lakini kwamba mkewe alikuwa akimvumia ili ameze, hilo nalo ni aibu? Mimi ningekuwa binti yake ningetamani kulijua kuliko urithi wowote. Mfungulie mtoto mlango, huna haja ya kumkunjulia na mashuka.

Na usijidanganye kwamba hajui kitu. Hivi sauti hiyo unadhani aliisikia wapi? Wewe mwenyewe umesema, alisimama ukumbini, haondoki. Alikusikia, Mama. Alikusikia kupitia mlango, na hakujua anasikia nini, akaenda nayo Mudhaibi, na miezi yote hii imo ndani yake haina maana. Kadhani nyuma ya mlango ule kulikuwa na mama anayemnyima baba yake. Umemuona anabusu kichwa, anajaza friji, ukafikiri yamekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa nakuja kwenye lile lililonikasirisha khasa, na nakuomba uchukue barua yako uisome tena, kama umebaki na nakala. Umenieleza magodoro ya Wadhah, umenieleza halua ya kaka yako, wali, vyombo, ubao wa yule kijana na kofia yake. Na katikati ya maneno yote hayo, baina ya koma na koma, umepitisha kijineno kimoja kama mtu anayepita mbele ya wanaosali. Umesema, alikula.

Boko boko la mwanawe. Alikula!

Umemwambia Buthaina kalala, atakula akiamka. Kisha mtu akafariki, na wewe hukurudi tena kwenye maneno hayo, kwa sababu kuyarudia ni kufungua mlango. Basi mtoto wako tangu siku ile anajua nini? Anajua amesonga chakula kwa mikono yake, amekiendesha njia yote kutoka Mudhaibi akikishikia kisimwagike, kikapokelewa mlangoni kama cha jirani, na baba yake akafa hajakionja. Hilo ndilo analolijua. Hilo ndilo lililomfanya akuseme mbele ya watu, si mlango tu. Na wewe jawabu yake unayo, umeikalia, unaniuliza mimi habari za magitaa.

Sikugombezi kwa sababu wewe ni mbaya. Nakugombeza kwa sababu umechoka, na mtu aliyechoka anaweza kukaa na maji mkononi akafa kwa kiu. Umemhudumia mgonjwa, umefiwa, umekaa edani, hata mtu wa kukwambia pole kwa ile kazi ya kijiko huna kwa kuwa hapana anayeijua. Basi mimi naijua sasa. Pole, Mama yangu. Pole sana, na Mungu akulipe kwa kila tonge.

Ushauri wangu ni huu, na naomba usiupunguze.

Wadhah mpigie leo, mwambie asitoe kitu na asipeleke kitu mpaka umwambie. Akisema Jumapili, mwambie Wazungu wale walingoja theluji ianguke, watangoja na siku mbili ikibidi. Buthaina asiisikie albamu hiyo kwa watu, wala asiambiwe na binamu yake. Wewe ndiye wa kumwambia, na uwe umeshamwambia kabla haijatoka. Akikuomba itolewe, itolewe, na yule kijana wa theluji Mungu atampokea chini. Lakini mimi nina dhana hatokuomba.

Alkhamisi hii akija, usimngoje na chai sebuleni. Mpigie kabla hajatoka Mudhaibi, umwambie akupikie boko boko, alisonge kama siku ile. Atashangaa, ataona uzito, pengine atakujibu kwa mkato. Mwambie tu, nina hamu nalo. Akifika, mwingize chumba kile, mkae juu ya kitanda kile, mle kwa bakuli moja. Usianze na kiharusi, usianze na eda, usimtaje Wadhah wala filamu. Usijitetee. Mambo ya mlango atayauliza mwenyewe, na akiuliza mwambie baba yake aliona haya naye kwa sababu yeye ndiye aliyempenda kuliko wote, na wewe ulitii mkono wa mgonjwa. Kisha fumba midomo umvumie, aisikie kutoka kwenye koo lako, karibu, si kwenye gari.

Lakini hayo yote baadaye. Kabla hajalitia tonge la kwanza mdomoni, mtazame usoni umwambie neno lake, ambalo umemuwekea muda wote huu. Mwambie, "Baba yako alikula." Anza na hilo.